Vitambaa Vyeupe vya Mteremkoni

Kila nikipita penye belo la mitumba lililofunguliwa sasa hivi, mwanangu, harufu ile hunirudisha kwenye asubuhi moja ya kipupwe, sokoni Newala, nikiwa kijana mwenye mabega na akili kidogo. Wewe umezaliwa ukakuta nguo zimejaa mpaka watu wanazichambua kwa mguu. Sisi tulikua nchi haina nguo. Duka la ushirika lilikuwa na rafu na muuzaji, basi. Marehemu mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenilea kama ilivyo desturi yetu, alikuwa na shati moja la kutokea. Siku nikiwa na mahali pa kuonekana na watu nalivaa mimi, yeye anabaki ndani amejifunga shuka mpaka nirudi. Aliwahi kukosa mazishi kwa sababu nilichelewa. Hakunisema. Aliuliza tu kama shati halikupata doa.

Halafu biashara ikafunguliwa. Mabelo yakaanza kupanda kutoka Mtwara kupitia Tandahimba juu ya malori ya korosho, na watu ambao jana walikuwa viraka vitupu leo wamevaa makoti ya harusi wanakwenda nayo shambani. Siku hiyo ninayokwambia nilikwenda kumtafutia mjomba shati. Nikarudi na koti la mvua, la manjano, lina kofia yake na vifungo vya chuma. Usiniulize kwa nini. Lilikuwa zuri. Na asubuhi za kipupwe huku juu ukingoni mwa uwanda zina baridi inayoingia masikioni, hiyo nayo ni sababu.

Nimevaa, jua linawaka, mvua ya mwisho watu hata hawaikumbuki. Yule mama aliyeniuzia akaniita tena kwa sauti soko zima lisikie, "Issa, mvua umeiagiza wewe? Basi tuambie tukaanue nguo." Watu wakacheka. Katika waliocheka alikuwapo mgeni mmoja mrefu, mwembamba, ana miwani na viatu vyenye vumbi jekundu. Yeye hakuishia kucheka. Alinisogelea akasema, "Ndugu, wewe unayengoja mvua ndiye mtu ninayemtafuta. Unaijua misitu ya mteremkoni?"

Niliijua. Nilikuwa nakata fito huko tangu sijabalehe, na kila mti nilijua jina lake na tabia yake. Ndivyo nilivyopata kazi kwa Hilari, mwanangu, kwa sababu ya koti.

Hilari alikuwa mtu wa Masasi, wa ukoo wa kanisa. Babu yake alibatizwa na wamisionari, baba yake mwalimu, na yeye mwenyewe aliimba nyimbo za kanisani hata akiwa juu ya mti. Alikuwa anasoma Chuo Kikuu, Dar es Salaam, akitafuta shahada kubwa ile inayomfanya mtu aitwe daktari bila kumdunga mtu sindano. Sisi tulimwita Daktari tangu siku ya kwanza. Alikataa.

"Bado, Issa. Huo udaktari ndio naufuata huku."

"Unaufuata kwenye miti?"

"Kwenye majani ya miti."

Nilidhani ananitania. Kumbe kazi yake ndiyo hiyo. Siku hizi mnasema mabadiliko ya tabianchi, hata kwenye redio za vijijini wanasema. Wakati ule neno hilo mimi sikuwa nimelisikia. Hilari alinieleza kwamba moshi wa viwanda na magari ya nchi za mbali unaipasha dunia yote joto, na joto hilo linavuruga majira, na mti kwa kuwa hauwezi kuhama basi lazima uonyeshe. Kwa hiyo kila mwaka kuanzia mwisho wa kiangazi alikuja kuangalia ni lini miti ya mteremko wetu inatoa chipukizi, lini inatoa maua, lini nyuki wanafika. Mimi nilishika ngazi na kutaja majina. Dereva alikuwa Saidi, mtu wa Lindi, mcheshi, mwenye neno kwa kila jambo.

Sasa hapa sikiliza vizuri. Miti anayoiangalia ni lazima iwe ile ile kila mwaka, kwa hiyo inatakiwa alama. Chuo kilimwahidi rangi ya mafuta. Rangi haikuja, serikali ilikuwa imebana mikanda na vyuo havikuwa na kitu. Hilari akanunua shuka jeupe hapo hapo sokoni, tukakaa nyuma ya gari tukalipasua vipande, tukafunga kipande kimoja kimoja kwenye shina la kila mti aliouchagua. Tuliifunga kando ya njia ya mteremkoni, maana ndiko ngazi ilikopitika. Huko ndani, palipo na miba na upupu, miti ilibaki bila kitu.

Utaniuliza, wewe Issa mtu wa hapa, hukujua kitambaa cheupe mtini ni kitu gani kwetu? Nilijua kama kila mtu anavyojua. Palipofungwa kitambaa cheupe pana mtu ameomba jambo kwa wafu wake. Hupakati, hupakojolei, unapita kwa adabu. Lakini nilijua pia hivi ni vipande vya shuka la sokoni, na kwa ujana wangu nikadhani ninachokijua mimi wote wanakijua.

Na njia ile ndiyo njia ya maji. Wewe unafungua bomba, hata kama linatoa kwa zamu. Miaka ile mabomba ya uwanda wetu yalikuwa makavu zaidi ya nusu ya mwaka, mara pampu imekufa, mara dizeli hakuna. Wanawake walishuka mteremko mzima gizagiza kwenda chemchemi za bondeni, wakapanda na ndoo kichwani na matawi yameelea juu yake maji yasimwagike. Maji aliyonawia baba ndiyo yaliyomwosha mtoto miguu. Nakwambia haya ili ujue kata moja ya maji ilikuwa na uzito gani.

Tukafanya kazi miaka kadhaa. Na kila mwaka, mwanangu, miti ile ikawahi zaidi. Mvua haijanyesha, mawingu hakuna, lakini ukipita njiani unakuta miti ya Hilari imeshatoa majani mekundu laini. Alifurahi mpaka akawa halali. "Unaona, Issa? Majira yanasogea. Miti imeshaanza kuchanganyikiwa." Akaenda Dar na matokeo yake, akarudi anang'aa. Mwalimu wake amefurahi mno. Mkutano wa wataalamu Ulaya unataka kumsikia, na akishapita mbele ya wakaguzi wa chuo nafasi ya kazi hapo hapo chuoni ni yake, maana ilikuwapo nafasi moja tu na wengi wanaitolea macho. Kitabu chake kilikuwa kimeshapigwa chapa. Alibakiza safari moja ya mwisho huku kwetu, kujiridhisha, kisha aende akakitetee. Mama yake Masasi alikuwa ameshalitangazia kanisa zima. Walikuwa wanamngoja kwa ibada ya shukrani.

Safari ile ya mwisho gari liligoma. Kwa kawaida tulifika mteremkoni jua limeshapanda, kwa sababu Saidi bila chai na mihogo hawashi gari. Siku hiyo alibaki nyuma akihangaika na injini, mimi na Hilari tukashuka kwa miguu alfajiri, kukiwa kumepambazuka kidogo tu.

Kwenye mti wa tatu tukamkuta Mama Rashidi.

Huyu nimweleze. Alikuwa mama wa makamo, mjane, mtoto wake alikuwa mmoja, huyo Rashidi. Biashara ilipofunguliwa kijana akavuka Ruvuma na mzigo wa nguo kwenda kuuza Msumbiji, na hakuonekana tena. Huku kwetu mtu mzima haitwi kwa jina lake. Kwa hiyo kila aliyemsalimu yule mama, asubuhi na jioni, alimtajia mwanawe.

Alikuwa ametua ndoo. Amechota kata ya maji, anayamimina taratibu kwenye shina la mti wetu, midomo inacheza. Nyuma yake wanawake wengine wamesimama wanangoja zamu, kila mmoja na ndoo yake. Udongo chini ya mti ulikuwa umefagiliwa na umelowa; saa zetu sisi jua huwa limeshaukausha.

"Shikamoo, Mama Rashidi," nikasema.

"Marahaba, wanangu. Mbona leo mmewahi, kitanda kimewafukuza?"

Hilari hakucheka. "Shikamoo, mama. Unafanya nini hapo?"

"Naupa mti maji."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipofunga kitambaa. Kiangazi chote tunaupa. Na ile mingine pia, tumegawana."

Nilimwona Hilari anageuka kuutazama mti, kisha njia, mti mwingine chini, na mwingine. Yote ilikuwa na majani. Aliongea polepole kama mtu anayemweleza mgonjwa. "Mama, kile kitambaa nilifunga mimi. Ni shuka tulinunua sokoni. Ni alama tu, nisiusahau mti."

Mama Rashidi akamtazama kwa huruma. "Najua ni wewe. Nilikuwa nimepumzika pale nakuona. Ulidhani sisi tunasema wafu wamekwenda sokoni kununua shuka?"

Wale wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akasema wafu wa Newala hawana shilingi mia, wangekopa.

"Sasa kwa nini mnaimwagia maji?" Hilari akauliza.

"Baba, mtu hafungi kitambaa cheupe mtini bila shida. Nikakuona kijana wa watu, msomi, umetoka mbali, unafunga, unautazama mti mpaka shingo inauma, unaandika, unaondoka. Mwezi ukiisha umerudi. Nikasema huyu ana jambo linamsumbua, na hana wa kumsaidia kuomba. Basi nikakuombea. Nilikuombea wewe kwanza. Baadaye ndipo nikaona, kwa kuwa nimeshafika na maji yapo, na langu niliseme hapo hapo."

Mimi nilitazama chini.

Mama Rashidi akaifunika ndoo yake na tawi. Halafu akasema lile neno ambalo nimelibeba mpaka uzee huu. "Miaka yote hii unapita hapa. Unanisalimia vizuri, wazazi wako wamekufunza. Shikamoo mama, unanipita, unakwenda kuuliza mti. Mimi nina mdomo. Hukuniuliza hata siku moja, mama, hapa mnafanya nini."

Hilari alivua miwani akaishika tu. Yule mama hakuwa mjinga. Aliona uso ule. "Nimekuharibia kazi?"

Ni swali dogo, mwanangu. Angeweza kusema hapana mama, usijali, na sote tungeona ni adabu. Alisema, "Ndiyo, mama. Imeharibika. Lakini kosa si lako."

"Tukiacha kuimwagia itapona?"

"Hapana. Miaka imeshapita. Msiache kwa ajili yangu."

Tukaingia ndani ya msitu, kwenye miba, ambako hatukuwahi kuingia. Miti ni aina zile zile, umri ule ule, haina vitambaa. Ilikuwa mitupu. Haikuwa na chipukizi hata moja. Mingine matawi ya juu yamekufa. Hilari aliishika mmoja mmoja, akaukwangua gome kwa kisu aone kama kuna uhai. Tulitoka huko tumechanika, na hakuwa ameimba neno.

Juu barabarani Saidi alikuwa ameshalitengeneza gari. Nikamsimulia. Akawasha sigara, akaivuta, akasema, "Sasa tatizo liko wapi? Daktari, majani umeyaona au hukuyaona?"

"Nimeyaona."

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

"Basi uongo uko wapi. Umeandika ulichokiona. Wale mabwana wa Dar watashuka lini huu mteremko kuja kumwuliza Mama Rashidi? Viatu vyao vyenyewe haviwezi."

Nakiri niliona Saidi anasema vizuri. Hilari alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari, viwiko magotini.

"Nimeyaona, Saidi. Lakini niliandika kwamba ni dunia imeyaleta. Kumbe ni Mama Rashidi."

"Na hilo joto la dunia si lipo? Si umesema lipo?"

"Lipo. Ile miti ya ndani umesikia ilivyo? Mvua inachelewa, miti inakufa kuanzia juu. Jambo lenyewe ni kweli, tena baya kuliko nilivyoandika. Ndiyo maana siwezi kulisemea kwa ushahidi ambao si wake. Siku wakija kugundua haya majani ni ya ndoo, nani atanisikiliza nikisema mvua imechelewa?"

Saidi akatupa sigara. "Nafasi ni moja, Daktari. Kuna mtu huko sasa hivi anaomba uugue."

"Najua. Hata simwogopi huyo. Namwogopa mama yangu, ameshaazima viti vya kanisani."

Alijaribu kucheka, kikamshinda kicheko.

Nikwambie yaliyotokea Dar, ingawa mimi sikuwapo; Saidi alikuja kutusimulia alipopata safari nyingine ya huku. Hilari alisimama mbele ya wakaguzi, kabla hajaulizwa swali, akawaeleza habari za ndoo. Mmoja alicheka mpaka akajifuta machozi. Mwalimu wake hakucheka. Alimwambia ameitia aibu idara. Shahada hakupewa, Ulaya hakwenda, na ile nafasi moja akapewa mwingine. Akaambiwa akitaka aanze upya, lakini si kwa fedha za chuo. Masasi ibada ya shukrani haikufanyika. Wapo waliosema alirogwa Newala. Wengine, na hawa ndio walioniudhi, walisema amesoma mpaka akapitiliza.

Saidi mwenyewe, aliyempa yale mashauri, alisimulia haya bila utani hata kidogo. Alisema, "Nilikuwa nimekaa nje ya mlango nimeshika begi lake. Alipotoka alikuwa mtu mwepesi." Sijui aliona nini usoni mwake.

Tangu hapo mimi nimeishi kuyaona aliyoyasema. Mikorosho yangu inachanua nusu, nusu nyingine inangoja. Chemchemi mbili za bondeni tulizokunywa utotoni leo ni tope la nguruwe pori. Mabwana wengi wamekuja na magari yao na vyombo vinavyolia, wengine hata jina la mti hawaulizi. Siwalaumu. Lakini mimi nikisikia mtu anasema habari za mvua, namwamini kwa sababu ya yule mmoja aliyekubali kukosa kila kitu ili asitudanganye.

Sasa wewe, mwanangu, unayejiandaa kwenda kusoma haya mambo ya ardhi na mawingu, au mengine yoyote, maana udanganyifu hauna somo lake maalumu. Ukifika mahali pa watu, usianze na mti. Anza na mtu aliyekaa chini yake, umsalimie, na baada ya marahaba usipite. Mwulize anafanya nini hapo, ukae akujibu. Watu watakutendea wema usioujua, na wema wao utaingia kwenye hesabu zako kimyakimya. Na siku ukigundua kwamba kazi uliyoijenga imekaa mahali pasipo pake, sema mwenyewe kabla hujaulizwa. Ukingoja kuulizwa utakuwa umeshajifunza kujibu vizuri, na hapo hutasema tena. Kama jambo lako ni la kweli, usiliazimie ushahidi wa jambo jingine. Utalipoteza lote. Na wala usidhani utapata malipo ya haraka. Mimi sikuyaona.

Mwenyezi Mungu akujalie njia yenye watu wa kukuombea hata wasipokujua. Akujalie mdomo mwepesi wa kukiri, na mama wa kukupokea ukirudi mikono mitupu. Mvua zako zije kwa wakati. Amina.

Ah, sijakwambia alivyoondoka.

Ilikuwa asubuhi, kesho yake baada ya kumkuta Mama Rashidi. Saidi amewasha gari, anangoja. Hilari akaniambia atakwenda kutafuta lori la korosho linaloshuka Masasi, na Saidi apeleke gari Dar peke yake. Nikamwuliza kuna nini, gari lipo na nafasi ipo.

"Nikipanda na Saidi," akasema, "nitamsikiliza mpaka Dar. Na Saidi ana maneno mazuri."

Akanipa mkono. Akaweka begi begani, akaifuata barabara kwa ule mwendo wake wa miguu mirefu, akapita nyuma ya ghala la korosho, nami nikasimama nikingoja nimwone akitokea upande wa pili. Saidi akapiga honi, nikageuka kumwangalia, na nilipotazama tena barabara ilikuwa tupu. Newala hakurudi tena.